Zamu ya Adui

Haya yalimpata rafiki yangu Kuramochi, tuliyefanya naye kazi Osaka. Jioni moja mama yake alimtuma dukani akanunue tofu, ile jibini ya soya. Wakati wa kurudi, lifti ya jengo lao ilikwama akiwa ndani peke yake, na taa ikazimika. Akabonyeza kengele.

"Tulia, kijana," mlinzi akamjibu kwenye spika. "Fundi yuko njiani. Cheza hilo gemu lako, si halikutoki mkononi?"

Kuramochi akacheka, akalitoa mfukoni. Lilikuwa gemu la vita la kupokezana zamu: unasogeza askari wako, unabonyeza kitufe kumaliza zamu, kisha adui naye anasogeza wake. Adui aliposogea, kitu kilikanyaga juu ya paa la lifti. Zamu iliyofuata adui akasogea tena, na kile kitu kikakanyaga tena, karibu zaidi na kifuniko cha paani.

"Fundi ameshafika?" Kuramochi akauliza.

"Bado. Mbona unanong'ona?"

Hakumaliza zamu yake. Aliliweka gemu sakafuni, akajibanza pembeni, mikono yote miwili kifuani. Juu kukawa kimya. Kioo cha gemu kikafifia, giza likarudi.

Ndipo aliposikia, pale sakafuni, kitufe cha kumaliza zamu kikibonyezwa.