Sekunde Thelathini za Baba

Kila siku saa tisa na nusu alasiri Chiriku alifika nyumbani kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akasukuma begi chini ya meza na kwenda kumsalimia baba yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, pale pale mama alipomwacha asubuhi. Chiriku alisema, "Shikamoo, baba," na baba akatikisa kichwa. Kisha alipasha maziwa, akamnywesha taratibu, akamfuta kidevu na kuosha kikombe. Saa kumi alitakiwa kuchukua kishikwambi na kukaa naye kwa nusu saa.

Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa tangu alipojua kuongea hakujua kunyamaza. Watu walisema ameyarithi maneno ya baba yake. Baba alikuwa kinyozi mwenye kibanda cha viti viwili, na wapo wateja waliokwenda kunyolewa nywele zikiwa hazijaota vizuri, ili mradi wamsikie akipiga soga. Angeweza kusimulia mpira mzima, dakika zote tisini, huku mashine ikizunguka kichwani mwa mtu bila kuacha hata mstari.

Asubuhi moja, miezi minne iliyopita, mashine ilimdondoka katikati ya kazi. Mdomo wake ulikwenda upande, akashindwa kusimama. Mteja alimkimbiza hospitali huku nusu ya kichwa chake ikiwa imenyolewa na nusu bado. Daktari alisema ni kiharusi.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, lakini hakurudi kama alivyokwenda. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu aliuburuta, na maneno yalikuwa yamekwisha. Daktari alimweleza mama kwamba mgonjwa anasikia na kuelewa kila kitu. Kilichoharibika ni njia ya kuyatoa maneno nje. Chiriku alilia siku za mwanzo. Baadaye machozi yalikauka, na mahali pake hapakuja kitu kingine. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Mwenzake wa dawati alipomuuliza hali ya baba, alijibu, "Anaendelea," akafungua kitabu. Mwenzake alizoea, akaacha kuuliza.

Hospitali iliwaazima kishikwambi. Mtaalamu wa matamshi, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, na ambaye wagonjwa wote walimwita Dada Miwani, ndiye aliyewaelekeza. Ndani ya kishikwambi mlikuwa na kurasa za picha: maji, chakula, kitanda, mama, mtoto, maumivu na nyingine nyingi. Ukigusa picha, sauti ya mwanamke inatamka neno. Dada Miwani alitaka baba afanye mazoezi kila siku. Chiriku ataje neno, baba alitafute na kuligusa. Kisha idadi ya maneno aliyoyapata iandikwe kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu.

Kazi ilionekana nyepesi. Lakini mkono wa kushoto wa baba, maisha yake yote, haukuwahi kufanya kazi kubwa kuliko kukunja sikio la mteja. Chiriku aliposema, "Nionyeshe kitanda," mkono huo uliinuka kutoka mapajani polepole, ukatetemeka hewani, ukasogea kushoto, ukarudi kulia. Kidole kilipokuwa kinaikaribia picha, skrini ilififia, kisha ikazima. Baba alibaki ameelekeza kidole kwenye kioo cheusi. Halafu aliurudisha mkono mapajani.

Chiriku alibonyeza kitufe, akaingiza namba ya siri, akautafuta ukurasa. Wakaanza upya. Ikazima tena. Katika nusu saa nzima baba aligusa maneno mawili. Chiriku alidhani mashine imeundwa hivyo, kwa ajili ya watu wepesi, na kwamba baba yake si mwepesi tena. Hakumwambia mtu. Mama alifanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli, akipiga pasi mashuka tangu asubuhi, na jioni alipoingia alikuwa na nguvu za kuuliza neno moja tu: "Mmefanya?"

"Tumefanya," alijibu Chiriku. Wiki ya kwanza ilikuwa kweli.

Jumatatu ya wiki ya pili alikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake. Skrini ilizima mara tatu mfululizo, baba akaurudisha mkono mapajani mara tatu, na Chiriku akaona hakuna sababu ya kuiwasha mara ya nne. Alikirudisha kishikwambi rafuni. Kwenye daftari aliandika: maneno kumi. Baba alikuwa anamtazama akiandika. Kisha aligeuza uso akatazama nje.

Jioni mama alisoma daftari na kutabasamu. Ilikuwa miezi mingi hajatabasamu. Kesho yake Chiriku aliandika kumi na moja. Hakuona aibu wala furaha, aliandika tu kama mtu anayenakili tarehe ubaoni. Wiki ya tatu ilipokwisha, baba alikuwa amefikisha maneno kumi na manne kwa siku, na kishikwambi kilikuwa na vumbi.

Siku ya kliniki Chiriku aliomba ruhusa shuleni ili amsaidie mama kumshika baba kwenye ngazi. Dada Miwani aliwapokea, akamkalisha baba mezani na kupanga kadi za karatasi zenye picha. Ndivyo alivyowapima wagonjwa wote, kila neno kwa muda mfupi uliopangwa. Alimwomba amwonyeshe maji. Baba alionyesha. Alimwomba amwonyeshe kisu, kofia, mlango, samaki. Mkono wa baba ulitangatanga juu ya kadi, muda ukaisha kabla haujatua. Mwisho alipata mbili tu, na ya pili alisaidiwa.

Dada Miwani alivaa miwani yake, akafungua daftari la bluu. Alisoma kurasa zote, kisha akarudia ukurasa wa mwisho. Alimuuliza mama kama mgonjwa aliamka vizuri asubuhi. Aliuliza kama ameanguka, kama ameshika kichwa, kama amekataa kula. Mama alisema hapana kwa kila swali, na kila hapana ilitoka kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Dada Miwani alitoka, akarudi na daktari.

Daktari alimmulika baba machoni kwa tochi, akamwambia ainue mikono, atoe ulimi, asukume kwa mguu. Kisha alimgeukia mama na kumweleza bila kuficha. Mtu aliyeweza maneno kumi na manne jana jioni, leo hawezi matatu. Huenda amepata kiharusi cha pili, kidogo, kisichoonekana kwa macho. Itabidi alazwe, apigwe picha ya kichwa, na ile dawa anayomeza ya kufanya damu iwe nyepesi iongezwe leo leo. Mama aliuliza kama kuiongeza dawa hiyo kuna madhara. Daktari alisema inaweza kuleta kuvuja damu ndani ya mwili, lakini kiharusi kikubwa ni kibaya zaidi, kwa hiyo hawana budi.

Mama alikaa kwenye benchi. 

Nesi alikuja na nguo za wodini, akaanza kumfungua baba vifungo vya shati. Baba alikishika kifungo kimoja kwa mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa. Nesi alimwambia kwa upole kwamba asiogope. Baba alitikisa kichwa tena, kisha akamtazama Chiriku. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja zamu yake.

Chiriku alikuwa amesimama ukutani. Moyo haukumwenda mbio. Alisikia sauti, na ilimchukua muda kujua ni yake.

"Namba za kwenye daftari si za kweli," alisema. "Nilizitunga."

Nesi aliacha vifungo. Daktari aliuliza, "Zote?"

"Kuanzia ukurasa wa pili. Hatukufanya mazoezi. Jana alikuwa hivi hivi, na juzi, na wiki iliyopita."

 Daktari hakumfokea. Alivuta kiti, akamuuliza kuhusu kila siku: baba anatembeaje, anakulaje, anashikaje kikombe. Kisha alifungua faili na kulinganisha na aliyoyaona leo. Mkono ulikuwa vile vile, mguu vile vile, mdomo vile vile. Alimpima tena kuanzia mwanzo. Mwisho alimwambia nesi arudishe nguo za wodini, na kwamba dawa haitaongezwa.

"Umesema kwa wakati," alimwambia Chiriku. "Ungenyamaza, jioni hii baba yako angemeza dawa ya ziada ambayo mwili wake hauihitaji. Na mimi ningempa kwa mkono wangu, nikiamini namtibu."

Daktari alipotoka, mama alikuwa bado anaangalia sakafu. Dada Miwani alikaa mbele ya Chiriku na kumuuliza kwa nini.

"Kinazima," alisema Chiriku.

"Nini kinazima?"

"Kishikwambi. Kabla baba hajafika. Kila mara."

Dada Miwani alikiomba. Mama alikitoa ndani ya mfuko, akakipangusa vumbi kwa upande wa kanga. Dada Miwani alikiwasha, akakiweka mbele ya baba na kumwomba aguse mtoto, kisha akainua macho kuitazama saa ya ukutani. Mkono wa baba ulianza safari yake. Ulikuwa haujavuka nusu ya njia skrini ilipofifia, na ulipofika juu ya picha, picha haikuwepo. Baba aliurudisha mkono mapajani, na Dada Miwani akavua miwani.

"Sekunde thelathini," alisema. "Kinajizima kisipoguswa kwa sekunde thelathini, ili kisimalize chaji. Mzee hakushindwa. Alinyimwa muda." Akakivuta kishikwambi karibu yake. "Hili ni kosa langu. Nilikijaribu kwa mkono wangu mwepesi, sikukijaribu kwa mkono wake."

Alimwita Chiriku karibu ili aone mwenyewe. Aliingia kwenye mipangilio, akagusa palipoandikwa skrini, akatafuta muda wa kujizima. Kulikuwa na orodha: sekunde thelathini, dakika moja, mbili, tano, kumi, thelathini. Akachagua dakika thelathini. Halafu aliondoa namba ya siri. Alimweleza kwamba sasa, wakimaliza mazoezi, lazima wakizime wenyewe kwa kitufe na kukichaji, la sivyo watakikuta kimekufa. Kazi yote haikuchukua hata dakika mbili.

Kishikwambi kilirudi mbele ya baba. Safari hii Dada Miwani hakutaja neno lolote. Alimwambia, "Mzee, sema unachotaka wewe."

Walingoja. Mkono uliinuka, ukatetemeka, ukapotea njia, ukarudi. Mara mbili Chiriku alitaka kuusukuma, na mara mbili Dada Miwani alimgusa bega. Skrini ilibaki inawaka. Ilipita dakika nzima ndipo kidole kilipotua.

"Mtoto," ilisema sauti ya kishikwambi.

Mama aliinua uso. Baba hakurudisha mkono mapajani. Aliusogeza chini, akageuza ukurasa, akatafuta. Mtu aliita majina huko koridoni, majina matatu, na baba alikuwa bado anatafuta.

"Choka," ilisema sauti. Na baada ya muda mrefu zaidi, "Lala."

Baba aliushusha mkono. Alimtazama mama, si Chiriku. Mama aliyatamka maneno yale matatu kwa kunong'ona, moja moja, kisha akayaunganisha: mtoto amechoka, alale. Akajifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alimwambia Chiriku kwamba kazi ile ilikuwa nzito kwa mtu mmoja, na yeye, mama, hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Kuanzia sasa mazoezi yangekuwa yake jioni, na Chiriku angefanya siku mbili tu kwa wiki. Hata hivyo, uongo hakuufumbia macho.

"Umenidanganya wiki mbili," alisema. "Nilikuwa naiambia hoteli nzima kwamba mume wangu anapona."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado."

Dada Miwani alikata kurasa za uongo kwenye daftari, akazitia kwenye kapu la takataka na kumrudishia Chiriku lililobaki.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mgonjwa akiwa nyumbani, sisi hatumwoni. Tunamwona kupitia kwako. Ukiandika sifuri, nitajua kuna tatizo na nitalitafuta. Ukiandika kumi na nne za uongo, unanifumba macho, na mtu aliyefumbwa macho anaweza kumuumiza hata anayempenda. Andika kilichotokea. Kama hamkufanya, andika hatukufanya. Kama umechoka, andika umechoka, au njoo uniambie. Hakuna anayepigwa hapa kwa kuchoka."

Chiriku aliitikia. Alijaribu kuhisi kitu, akahisi kidogo tu, kama vile vichomi vinavyoanza mguu unapoamka.

Walifika nyumbani saa nane mchana. Mama hakurudi kazini. Alimkalisha baba dirishani, akavuta kigoda, akaweka kishikwambi kwenye mto juu ya mapaja ya baba. Chiriku alikwenda chumbani na kujilaza, akisema ni kwa dakika tano. Kutoka chumba cha pili aliisikia ile sauti ikisema neno, kisha kimya kirefu, kisha neno lingine. Mama hakumharakisha. Kabla neno la tatu halijafika, Chiriku alikuwa amelala.