Nilimutoza Shemeji Amande ya Woga, Ziwa Likanitoza Muguu

Nina miaka hamsini na mbili. Ninaandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa Goma, mutaa wa Himbi. Nyumba ya matofali, si ya mbao! Niliweka dirisha kubwa upande wa ziwa ili nione boti yangu ikirudi kutoka Bukavu. Siku hizi ninaomba pazia lifungwe...

Musinihurumie haraka. Mimi si mutu wa kuokotwa. Nilizaliwa Kiwanja, masomo yakaniacha kwenye mwaka wa tatu wa shule ya primaire, nikabeba samaki wa Vitshumbi kwa baiskeli mupaka magoti yakalia. Nikaja Goma, nikasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wenye diplome walinipita na kravate zao shingoni wakinifokea niwapishe. Baadaye ni hao hao walionisalimia kwa mikono miwili: "Patron, nafasi haijabaki kwenye boti?" Nani mwingine munayemujua alishuka kwenye chukudu akapanda boti yake mwenyewe, bila baba, bila mujomba, bila padri wa kumuandikia barua? Munitajie mumoja!

Boti hiyo niliiita Jasho Langu. Ya mbao, ndefu, na motere yake ikikohoa asubuhi bandari nzima inajua Kapiteni ameamuka. Nilibeba maharagwe, unga wa muhogo, ndizi, na mama wauzaji wamekaa juu ya mizigo yao. Barabara ilipofungwa na vita, ziwa likawa barabara ya kila mutu, nami nikawa mufalme wa ziwa.

Lakini hata mufalme ana mulango asioweza kuufunga... mulango wa wakwe.

Siku nilipopeleka mahari kwao muke wangu, upande wa Kalehe, baba mukwe alikamata mukono wa kijana wake wa mwisho akauweka ndani ya wangu, mbele ya watu wote. "Binti nimekupa," akasema, "na huyu Deo ni wako pia. Akikosa kazi, kazi yake ni wewe." Watu wakapiga makofi. Je, siku ya mahari kuna mutu anayeweza kusema hapana? Nilikubali nikicheka.

Deo alipokua, akaja. Nikamuweka kwenye motere. Na jambo la kwanza nililomufundisha ni kwamba kwenye maji hakuna shemeji. "Hapa mimi ni Kapiteni!"

Ndugu wasomaji, woga ule sijauona kwa mutu mwingine! Alikuwa anakaza kamba za mizigo, anatembea kidogo, anarudi kuzikaza tena. Anaangalia mawingu mupaka anasahau kuongezea motere mazuti. Ukimutuma ufunguo wa kufungulia nati, analeta nyundo. Akimwaga mafuta anaomba musamaha kwangu, kwa mama waliokaa karibu, na kwa motere yenyewe! Na kila mara: "Kapiteni, kamba inalia." "Kapiteni, naona maji kidogo chini." "Kapiteni, upepo umegeuka." Ninashuka kuangalia... hakuna kitu! Wakati huo abiria wamekwisha kushika rozari, na mumoja anataka turudi Goma.

Wewe ungefanya nini? Ungemufukuza? Nilijaribu kulisema nyumbani. Muke wangu aliacha kutwanga majani ya sombe, akaniangalia. "Ukimushusha Deo kwenye boti," akasema, "unishushe na mimi."

Basi, nikafungwa. Na kwenye maji umefungwa mara mbili, kwa sababu boti haina kona ya kujificha. Mutu aliyekukasirisha asubuhi, saa sita utakula naye goti kwa goti, na hakuna pa kwenda.

Nilimufokea, akazidi. Nilimupeleka kwenye chumba cha maombi, akarudi anaogopa maji na mashetani pia. Nilimunywesha bia, akatapikia motere.

Ndipo Bahati akanipa dawa. Bahati alikuwa mushika usukani wangu, kijana wa mutaa wa Birere, kifua mbele na kicheko kikubwa, anasimama kwenye mawimbi kama yuko sebuleni kwake. Nilimupenda kama ndugu wa tumbo moja. "Patron," akaniambia, "kwenye likelemba yetu, kile chama cha kuchangiana pesa, mutu akichelewa kuleta muchango wake anapigwa amande, analipa faini. Woga wa Deo ni wa bure, ndiyo maana anaugawa kila saa. Uuwekee bei!"

Nilicheka mupaka machozi. Siku hiyo hiyo nikatangaza mbele ya abiria wote: Deo akisema kuna hatari, na hatari haipo, amande ni kasie moja, kreti nzima ya bia, kwa equipe yote ya boti!

Wee! Ulikuwa muchezo mutamu. Tukifika tunaingia nganda ya kunywea bia, Deo analipa, kisha yeye mwenyewe anakaa pembeni na soda inayopata moto mukononi. Mama wauzaji wakajua. Boti ikitoka tu, wanamuita: "Deo, papa, leo kamba haijalia?" "Deo, tuhurumie, na sisi tuna kiu!" Alikuwa anatabasamu. Nilifikiri anatabasamu kwa sababu amepona.

Maana alipona! Haikuchukua muda, akanyamaza. Hakukaza kamba mara mbili tena. Hakuangalia mawingu. Motere ikapata mazuti kwa wakati wake. Nilijisifu kila nganda niliyoingia: "Ninyi munapeleka watu kwa madaktari, mimi ninatibu kwa kasie!" Muke wangu peke yake hakucheka. Aliniambia hata nyumbani Deo haongei, chakula kikikosa chumvi anakula tu. Nikamujibu kwamba hiyo ndiyo inaitwa adabu.

Siku ile tulikuwa tunarudi Goma, mizigo imejaa, jua kali. Tulipopita kisiwa cha Idjwi upepo ukaamuka, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Motere ikakohoa vibaya. Mimi simutegemei mutu kwa motere yangu! Nikashuka mwenyewe ndani ya kale, lile shimo la chini ambamo motere imelala katikati ya magunia. Deo akanishikia tochi.

Nilikuwa nimeinama, muguu mumoja nyuma ya motere, niliposikia mulio juu ya kichwa changu... kiii... kiii... Kamba ya magunia! Nikamuangalia Deo. Alikuwa anaiangalia kamba. Jasho lilikuwa linamushuka, na midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

Kamba ikakatika.

Magunia ya maharagwe yaliteremuka kama mulima. Muguu wangu wa kushoto ukabanwa kwenye chuma cha motere, nikasikia mufupa... Hapana, sitaeleza. Motere ikazimika. Ubao mumoja wa ubavuni ukafunguka kwa uzito ule, na maji yakaanza kuingia, ya baridi, bila haraka, kama mugeni anayejua kwamba atalala hapo.

Deo aliruka, akavuta gunia la kwanza, akavuta la pili. Maharagwe yakilowa yanakuwa mawe. Maji yakanifika kiunoni. Juu yetu nilisikia nyayo, mama wakipiga hadithi, mutu akiimba. Motere kuzimika walifikiri ni mimi ninaitengeneza; hawakujua kitu! Ndipo Deo akainamia sikio langu, akaninong'oneza. Sauti hiyo ninaisikia hadi leo...

"Kapiteni... nipige kelele? Haitakuwa amande?"

Hakuwa anafanya muchezo. Alikuwa anauliza kweli.

"Piga, Deo! Piga!"

Akafungua mudomo. Hakikutoka kitu. Akafungua tena, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yanamutoka... hewa tu! Ukimya niliokuwa nimeulipisha, siku hiyo nilipewa wote.

Nikapiga kelele mimi. Lakini mutu aliyebanwa, maji ya baridi yamemukaba tumbo, sauti yake haipiti mbao. Deo akakamata ufunguo mukubwa, akapiga bidon ya chuma ya mafuta: nga! nga! nga! Na munajua tulijibiwa nini kutoka juu?

Kicheko!

"Ni Deo huyo!" mama mumoja akapaza sauti. "Leo tutakunywa!" Na juu ya vicheko vyote nikasikia cha Bahati: "Kasie mbili, Deo! Na bidon yetu utailipa!"

Kicheko hicho nilikuwa nimekifundisha mimi. Sasa kilikuwa juu ya kichwa changu kama mufuniko, nami niko ndani ya chungu.

Deo akatupa ufunguo, akapanda ngazi, akapotea. Nilisema moyoni, amenikimbia. Na angekosea nini? Maji yalikuwa kifuani. Nilivuta muguu mupaka nikaona nyota muchana. Nikaanza kusali sala nilizoziacha Kiwanja. Nikamupa Mungu boti, nikamupa nyumba, nikamupa kila kitu nilichojisifia mbele ya watu. Maji yaliendelea kupanda.

Kisha nikasikia matusi kwenye ngazi. "Weye mutoto, niachilie! Umerukwa na akili?" Alikuwa mama Sifa, muuza maharagwe, mwenye magunia hayo hayo yaliyonilalia. Deo hakuwa amemuambia neno. Alimukamata mukono tu, mama muzito vile, akamuvuta mupaka chini.

Mama Sifa akaniona. Kicheko kikafia kooni mwake. Na mayowe aliyoyapiga, nadhani na ng'ambo ya Rwanda waliyasikia!

Wanaume wakashuka. "Tupeni ziwani!" mama Sifa akawaambia. "Mutupe magunia yote!"

"Mama, si ni mali yako hii?"

"Na huyu ni mutu wa nani? Tupeni, nimesema!"

Wakapanga mustari kwenye ngazi, gunia baada ya gunia. Maji yakanifika kidevuni. Deo alizama hadi mabega, akanishikilia kichwa kwa mikono miwili ili pua ibaki nje. Mikono yake ilikuwa inatetemeka wakati wote, mupaka meno yangu yakagongana. Lakini haikuniachilia.

Na Bahati? Ndugu yangu, simba wangu? Waliponitoa, nikauliza nani yuko kwenye usukani. Hakuna mutu! Alipoona maji yamefika juu ya mbao, alivaa jile la kuelea majini, akajitupa ndani ya mutumbwi wa wavuvi waliokuwa wanapita. "Ninaenda kuleta musaada!" akasema. Musaada huo hadi leo ninaungoja. Wavuvi wengine wa Idjwi ndio waliotuvuta hadi nchi kavu. Baadaye nikaambiwa Bahati anaeleza kwenye nganda za Birere kwamba Kapiteni alikuwa amelewa... Yeye niliyemunywesha bia za Deo!

Abiria wote walishuka wazima. Kwa hilo ninamushukuru Mungu kila siku.

Muguu wangu ulikatwa juu ya goti. Motere ilikuwa imekunywa ziwa, haikuamuka tena. Mbao za boti nikaziuza ili nimurudishie mama Sifa maharagwe yake. Ule ubao wenye jina, Jasho Langu, niliambiwa mutu amefungia banda lake la kuku. Na wale walionisalimia kwa mikono miwili? Hawakumbuki tena njia ya Himbi.

Anayekuja ni Deo. Siku moja alikuwa ameinama anikate kucha za muguu uliobaki. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza siku zote tulizokaa goti kwa goti kwenye maji: "Deo, ulikuwa unaogopa nini?"

Hakuinua kichwa. "Mwanzoni niliogopa ziwa, Kapiteni. Kisha ziwa nikalizoea. Wewe ndiye sikukuzoea."

Akaendelea kukata kucha.

Mimi nilijua kusukuma, kubeba, kununua na kuuza. Nilijua kusoma upepo bila kusoma kitabu. Lakini sikujua kwamba siku moja nitakaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikihitaji maji ya kunywa, nifungue mudomo kumuita mutu, kisha niufunge... kwa kuogopa waseme: ni yeye tena! Mimi, Kapiteni! Matofali haya ninayojisifia, sasa yananizunguka kama ile kale.

Wasomaji wangu, wewe uliye na watu chini yako, kwenye boti, kwenye lori, dukani, hata jikoni kwako, ninakuomba. Ukiwa na mutu muoga, umufundishe, umukemee, umubadilishie kazi kama ni lazima. Akikuambia kamba inalia, na ukashuka mara nyingi bila kuona kitu, ushuke tena. Ni magoti tu yanachoka! Lakini usimufanyie muchezo mbele ya watu, na usiiwekee sauti yake bei. Siku utakapoihitaji, hakuna kasie itakayoirudisha.

Juzi Deo aliingia kunisalimia. Akasimama mulangoni, kichwa kimeelekea upande, anasikiliza. Nikaona midomo inahangaika.

"Shemeji," akasema, "kiti chako kinalia."

Ni kiti kipya. Nilijua hakuna kitu. Nikachukua magongo yangu, nikasimama, nikaegemea ukuta. Deo akakigeuza, akagusa muguu mumoja mumoja, akaukandamiza kwa kidole gumba, akarudia tena tangu wa kwanza. Nami nikangoja, nimesimama, mupaka akamaliza.