Mlango wa Mbambakofi

Ngumbao alipomwita binti yake aje anywe uji, hakusikia "Abee" kama siku zote. Alisikia, "Karibu."

"Karibu nini? Mimi mgeni humu?"

Mapenzi, mtoto wa miaka minane, alitoka uani na ufagio mkononi. "Kwani nimesema nini, baba?"

Ngumbao akacheka. Ilikuwa Machi, mwaka wa 1943, na katika nyumba ile ya udongo, hapo Mjambere, kicheko kilikuwa adimu tangu mkewe, Nyevu, azikwe. Hata mlango mpya wa nyumba hiyo ulitokana na msiba. Zamani mkeka ulioning'inizwa mlangoni ulitosha: mama alilala upande wa nje, mtoto upande wa ukuta. Mama alipoondoka, mtoto alikuwa akikesha ameutumbulia macho mkeka. Ngumbao alikuwa mpasua mbao. Hakujua kubembeleza, lakini mlango mzito wenye komeo aliweza kuutengeneza.

Mti alioutaka, mbambakofi mnene, ulikuwa katikati ya msitu nyuma ya mashamba. Wapasua mbao wa huko walikuwa na desturi, na walioenda kanisani waliishika kama wengine. Unaugonga mti mara tatu kwa kisogo cha shoka, unapiga hodi, unatandika kitambaa shinani na kwenda zako. Siku mti utakapoangusha jani bichi juu ya kitambaa, umekaribishwa. Pasipo jani, hukati.

Ngumbao alipiga hodi Jumatano. Hadi Jumamosi kitambaa kilikuwa kitupu, na habari zilikuwa zimeenea kwamba malori ya jeshi yangekuja Jumatatu kuufyeka msitu mzima. Basi akamsimamisha Mapenzi nyuma ya shina.

"Nikipiga hodi, wewe itikia."

"Niwe mti?"

"Uwe mti."

"Hodi!"

"Karibu, baba!" Mtoto akaangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. Kwa ajili ya kicheko kile Ngumbao hakuona kosa. Aliuangusha mti mchana uleule, jua likiwa utosini.

Sasa mlango ulikuwa na siku nne tangu usimamishwe, na mbao alizozianika wiki nyingi zilikuwa zikitoa jasho. Kila adhuhuri utomvu ulichuruzika hadi kizingitini, na nyumba ikanuka mti uliokatwa saa ileile.

Siku ya tano mlango ukabisha. Mara tatu. Ngumbao alifungua, akakuta ua mtupu na kuku wamejibanza ukutani. Nyuma yake Mapenzi alisema taratibu, "Karibu."

Kuanzia hapo ikawa kila adhuhuri, na Ngumbao akatambua kwamba hodi ile haikutoka nje wala ndani bali katikati ya mbao zenyewe, na kwamba kila alipoitikia mtoto, kitu fulani kiliingia, kwanza harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua, kisha majani yaliyooza ndani ya mtungi uliofunikwa, kisha mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi, iliyopenya sakafu chini ya mkeka wa mtoto na kumzunguka kifundo cha mguu, naye amelala kimya, macho wazi, sauti yake ikipungua siku hata siku kama mtu anayekwenda mbali akizungumza.

"Nenda kwa Hawe Kache," jirani yake Agneta alinong'ona. "Mchungaji hatajua. Na akijua, si mimi niliyekutuma."

Hawe Kache, bibi mganga, hakupiga ramli. Aliuliza tu.

"Nani aliyeitikia?"

"Mtoto. Alikuwa anacheza."

"Na wewe ulikuwa unacheza?"

Ngumbao alimweleza habari za malori ya Jumatatu.

"Hayo malori yalikuja?"

"Hayajaja, hawe."

"Basi siku ulikuwa nazo." Bibi alisonya. "Mwenye mti alikuwa hajakukaribisha. Ulimweka mwanao mahali pake, ukabomoa nyumba yake. Sasa yeye anahamia kwako, na mtoto anahamia kwake. Rudisha mlango, ulaze juu ya kisiki. Gonga, piga hodi, siku tatu. Ukinyamaziwa, mtoto ni wako."

"Na nikiitikiwa?"

Bibi aliinuka, akaingia ndani.

Aliubeba mlango mgongoni. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya, na nyumbani Mapenzi alikunywa uji nusu bakuli. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Ngumbao aligonga.

"Hodi."

Ndege walinyamaza.

"Karibu, baba!" Ilitoka chini ya mlango, ndani ya kisiki, na kicheko kikafuata, kilekile cha Jumamosi ile.

Alikimbia hadi nyumbani. Agneta alikuwa ameketi kwenye uwazi uliokuwa na mlango, amempakata mtoto.

"Hakutoka hapa," alisema kabla hajaulizwa. "Haki ya Mungu, Ngumbao, hata kidogo."

"Mapenzi!"

Mtoto aliinua macho. Midomo ilijitahidi kusema "Abee", isitoke sauti. Ngumbao alipiga magoti, akamfungua kinywa kwa kidole. Juu ya ulimi palikuwa na jani moja la mbambakofi, bichi.

Mapenzi hakusema tena. Alikua, alichota maji, alisuka makuti, hakusema. Na kila adhuhuri watu wa Mjambere walimwona Ngumbao akielekea msituni bila shoka, kuugonga mlango uliolala juu ya kisiki na kupiga hodi, amsikie mwanawe.