Godoro la Tano

Magodoro yalikuwa matano, na Fundi alijua fika kwamba hakuomba matano.

Manne yalikuwa ya kawaida ya nyumba za kupangisha, yamebonyea katikati, na mashuka yake yamefuliwa hadi maua yamefifia. La tano lilitandikwa peke yake karibu na ukuta. Lilikuwa dogo, limejaa vizuri, na shuka lake lilikuwa jipya kiasi kwamba mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Juu ya mto paliwekwa kitana cha mbao.

Mkewe alipoingia na mizigo, aliyapitia kwa macho, na uso wake ukachanua.

"Baba Pacha! Kumbe umesema nao vizuri! Na mimi njia nzima roho juu."

"Si nilikwambia uniachie mimi," Fundi akajibu, akijifanya anahangaika na zipu ya begi.

Hapo angeweza kusema. Hakusema. Mtu aliyezoea kuitwa mkono wa birika na mkewe, na shemeji zake, na hata wateja wake, akipata sifa hazitemi kirahisi. Akazimeza.

Ukweli ulikuwa hivi. Fundi alikuwa fundi wa friji, na kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya majirani, aliwaahidi watoto kwamba likizo hii atawapeleka kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa la kupandisha watu angani na magari madogo ya kugongana. Kumbe kila mwenye mtoto alikuwa na wazo hilohilo. Hoteli za karibu na bustani zilitaja bei za kumfanya mtu aulize kama anauziwa chumba au jengo. Nyumba za wageni za bei nafuu zilikuwa zimejaa. Fundi alishinda na simu sikioni, akibembeleza, akikata, akipiga tena, mpaka akaipata hii: nyumba nzima, jiko lake, bafu lake, mwendo mfupi wa miguu hadi getini, na bei ya chini hadi akaomba atajiwe tena. Sharti lilikuwa moja tu. Bei hiyo ni ya watu wanne. Akizidi mtu, inapanda.

Wao walikuwa watano: Fundi, mkewe, pacha wao wa kiume ambao hawajaanza hata shule, na Kimya.

Kimya alikuwa binti wa miaka tisa. Mama yake aliolewa na Fundi akiwa naye mgongoni. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu husikii mlango akiingia wala kiti akikaa. Fundi hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula, na ada yake ya shule aliilipa. Ila akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wawili. Naye Kimya alimwita Anko, na hakuna aliyejishughulisha kumsahihisha.

"Tuko wanne," Fundi alisema kwenye simu siku ile. Kimya alikuwa sakafuni akichora. Aliinua kichwa kidogo, kisha akaendelea kuchora.

Na mchana huu, walipofika na kusikia kwamba mama mwenye nyumba yuko njiani na funguo, Fundi alimtuma mkewe dukani pamoja na pacha, akabaki barazani na Kimya.

"Hebu tucheze mchezo," akamwambia. "Jifiche nyuma ya lile tangi la maji. Usitoke mpaka nikuite, sawa?"

"Mpaka uniite," Kimya akarudia, akaenda zake.

Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya upole. Funguo alikuwa nazo mkononi, lakini hakumpa.

"Mko wangapi, baba?"

"Wanne, mama. Mimi, mke wangu, na wanetu wawili."

"Hakuna mwingine wako?"

Tangi la maji lilikuwa karibu pale, mtu akikohoa unamsikia.

"Sina mwingine, mama."

Mama yule akamtazama, kisha akaitazama nyumba, kama mtu anayengoja mwenzake naye aseme neno. "Haya. Imesikika," akasema, na ndipo akamkabidhi funguo.

Fundi alifungua mlango, akakuta magodoro matano, mkewe akarudi, sifa zikamwagika, na katika purukushani hiyo akasahau kumwita mtoto. Alikumbuka mkewe alipouliza, "Kimya yuko wapi?"

"Anacheza huko nje."

"Mbona yule pale?"

Kimya alikuwa amesimama kwenye korido, upande wa jikoni. Fundi akatabasamu kwa shida. Mlango wa nyuma alikwisha kuuona. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lenyewe limeota kutu.

*

Jioni, jua likiwa bado halijazama, mkewe alipakua chakula, wakaketi mkekani. Kimya alikaa pembeni, mikono mapajani.

"Kula, mama," mama yake akamwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshibaje, na tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na yule aliyenitandikia godoro."

Pacha wakacheka. Mama yao hakucheka. Alimgeukia mumewe, naye Fundi akasema haraka, "Michezo ya watoto hiyo. Mwache."

"Aliniuliza mimi ni wa nani," Kimya akaendelea kwa sauti yake ileile ya chini. "Nikamwambia sijui."

Tonge lilimshinda Fundi. Akanyanyuka kwa kisingizio cha kwenda kunywa maji, masikio yakimwaka moto kwa aibu, na huko jikoni akakutana na mlio.

Kwenye kona palikuwa na friji kuukuu, ya zile zenye mlango wa mviringo. Ilikuwa inanguruma taratibu, ngurumo ya friji yenye afya, ambayo Fundi angeitambua hata akiwa usingizini. Akainama kutafuta swichi. Waya ulikuwa umelala sakafuni, umekatwa, hauna plagi. Akaivuta friji mbele, akachungulia nyuma. Pale inapokaa kompresa, mtambo unaonguruma, palikuwa patupu, pamejaa utando wa buibui. Ngurumo ikaendelea. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na alipotega sikio vizuri akasikia kwamba ni mtu mzima, amefumba mdomo, anabembeleza mtoto.

Akaufungua mlango. Baridi ilimpiga usoni pamoja na harufu ya marashi ya kizamani na nguo zilizokaa sana sandukuni. Ndani hamkuwa na kitu, isipokuwa sahani moja iliyolambwa ikatakata, na kijiko cha mtoto.

Aliufunga. Akarudi mkekani na glasi tupu. Angemwambia nini mkewe? Angeanza na friji, wangeishia kwenye tangi la maji.

*

Kigiza kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia pale pacha walipotoka chumbani mbio, mmoja amemshika mwenzake shati.

"Baba, Kimya anaongea na ukuta."

"Na ukuta unamjibu," akasema wa pili, akaanza kulia.

Fundi akaenda, na kila alivyosogea harufu ya marashi ilizidi kumjaa puani, na ile ngurumo aliyoiacha jikoni sasa ilitoka mbele yake, ikiwa na maneno ndani yake, maneno ya kubembeleza, na katikati ya maneno hayo kicheko cha mtoto, kicheko cha Kimya, ambacho Fundi aligundua, mkono wake ukiwa kwenye kitasa na nywele zikimsimama, kwamba miaka yote waliyoishi nyumba moja hakuwahi kukisikia.

Akasukuma mlango. Sauti zikakatika.

Godoro dogo lilikuwa limetandikwa vizuri, katikati pana shimo la mtu aliyekuwa amelala, na pana joto bado. Dirisha lilikuwa na nondo. Kimya hakuwepo.

Walitafuta chini ya kila kitu na nyuma ya kila kitu. Mama yake aliita mpaka sauti ikakauka. Fundi naye akaita, "Kimya! We Kimya!" na kutoka kila ukuta kilirudi kicheko kilekile, chepesi, cha mtoto aliyeridhika mahali alipo.

Mama mwenye nyumba alipigiwa simu, akafika akihema, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. Hakuuliza imekuwaje. Alisimama katikati ya chumba na kuuliza lilelile la mchana.

"Mlikuwa wangapi?"

"Watano!" mkewe akajibu. "Si mume wangu alikwambia? Si mmetuwekea magodoro matano?"

"Mimi niliweka manne, mwanangu."

Mama mwenye nyumba hakumtazama mke tena. Alimtazama Fundi.

"Labda simu ilikuwa inakatakata," Fundi akasema. "Labda hatukuelewana..."

Ngurumo ikaruka juu ghafla, vyombo vikagongana jikoni, na kile kicheko kikasikika kwa mbali zaidi, kama kimechukuliwa chumba kingine, kisha kingine, katika nyumba ambayo haikuwa na vyumba hivyo.

"Usiseme hivyo, baba!" Mama mwenye nyumba alinong'ona. "Humo ndani mna jini. Nilimkuta, na atabaki nikiondoka. Mtu mwenye mwenyewe hamgusi. Yeye hupokea waliokataliwa tu, akawalea. Ndiyo maana nauliza. Ndiyo maana bei yangu iko vile." Akainamisha uso. "Ningepaswa kukwambia. Nilihofia mtaondoka, kama walivyoondoka wengine. Nisamehe. Lakini mimi hanisikilizi. Anamngoja aliyesema."

"Aliyesema nini?" mkewe akauliza. "Baba Pacha, ulisema nini?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Pacha wake walikuwa wanamtazama. Mkewe, aliyemsifu mchana ule kwa kinywa kipana, alikuwa anamtazama. Akapiga magoti kando ya godoro dogo.

"Nilisema tuko wanne," akasema. "Nilimficha mtoto nyuma ya tangi ili bei isipande. Niliulizwa kama nina mwingine, nikasema sina, na yeye anasikia. Kisha nikasahau kumwita." "Na si leo tu. Kila siku nikiulizwa nasema wawili. Mrudishe. Ni wangu. Ni mwanangu."

Ngurumo ikashuka. Ikawa pumzi. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, tulivu, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Tangu lini?"

Fundi alifungua kinywa ili aseme tangu zamani, tangu siku ya kwanza. Aibu ikamziba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na uongo wa kutoa.

"Tangu sasa hivi," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.

Jikoni mlango wa friji ulilia, ukafunguka. Kimya alitokea koridoni taratibu, miguu pekupeku, akijikuna jicho kama mtu aliyeamshwa. Mama yake alimkumbatia kwanza, kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili. Nywele zake, ambazo asubuhi zilikuwa timutimu, zilisukwa mistari myembamba iliyonyooka sawasawa, kazi ya mtu mvumilivu sana.

"Nani kakusuka?" mama yake akanong'ona.

Kitana kilikuwa mkononi mwa Kimya.

Usiku huo walilala nyumbani kwa mama mwenye nyumba, wote chumba kimoja. Mkewe alimpa Fundi mgongo. Alisema maneno mawili tu kabla ya kuzima taa, tena bila hasira, na Fundi angependa zaidi kama angefoka.

"Nami nilikusifu."

*

Asubuhi pacha walilia wapelekwe bustanini, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwakatalia. Jua liliwaka, muziki ulisikika toka mbali, gurudumu kubwa lilizunguka juu ya mapaa. Fundi alisimama kwenye foleni akiwa amenyoosha mgongo. Alikwisha kujiapiza jinsi atakavyojibu.

"Mko wangapi?" akauliza mkata tiketi.

"Watano!" Fundi akasema kwa sauti iliyowageuza watu wa nyuma. "Mimi, mke wangu, na wanangu watatu."

Akamtupia Kimya jicho aone kama amesikia. Amesikia. Hata mkewe alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mkata tiketi akachungulia dirishani, akanyoosha kidole, akawapitia mmoja mmoja.

"Sita, mzee."

"Watano, bwana. Hesabu vizuri."

"Na yule bibi aliyemshika binti mkono, je? Yeye si wenu?"

Fundi akageuka. Kimya alikuwa amesimama peke yake, mkono wake wa kulia umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa, kama vya mtoto anayeongozwa kuvuka barabara. Marashi ya kizamani yalipita katikati ya harufu ya vumbi na peremende.

Kimya alimtazama Fundi usoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mlipie, Baba," akasema. "Yeye alinihesabu bila kuambiwa."

Neno hilo Fundi hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake, na sasa alipolisikia hakuweza kumwangalia mkewe, wala mtoto, wala mkata tiketi. Akatazama chini, akatoa pesa.

"Sita," akasema.

Mkata tiketi akapitisha tiketi sita dirishani. Fundi aligawa, moja moja, na mbili za mwisho akampa Kimya. Kimya akabaki na moja. Ya pili akaiinua juu, upande wake wa kulia, akaiachia.

Haikuanguka.