Hakutoka Msibani

Asubuhi ile ya mvua kituo cha treni cha Shinjuku kilifurika watu kama kawaida yake, na karibu wote walivaa nyeusi. Suti nyeusi, viatu vyeusi, mikoba myeusi. Vijana wanaokwenda kwenye usaili wa kazi walikuwa wamefanana hata mama zao wangepata tabu kuwachambua. Hakuna aliyewauliza nani kafa. Nalisema hili mapema ili tuelewane, maana hadithi hii inanipandisha hasira kila nikiisimulia.

Katikati ya umati ule alikuwepo Tamaki Orihara. Naye alivaa nyeusi, ila nyeusi yake haikufanana na ya mtu mwingine. Koti refu la sufu, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ndani ya koti shati lenye mikono inayomeza vidole, chini ya shati gauni la pamba lililokunjamana kwa makusudi, na chini ya gauni suruali pana kama sketi. Mgongoni zilining'inia kamba mbili zisizofunga kitu. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa katika karakana ya mbunifu mmoja wa mavazi huko Aoyama, na koti lile alilikata na kulishona mwenyewe. Watu walimpisha huku wakimkata jicho.

Alipofika ngazini, kamba moja ikanasa kwenye mwavuli wa kijana mmoja aliyevaa suti ya buluu.

"Samahani, dada, unanivuta."

"Wewe ndiye unanivuta. Simama."

"Nitasimamaje? Nyuma kuna watu elfu."

"Basi twende polepole. Ukiichana, utaishona."

"Sijui kushona."

"Utajifunza."

Wakateremshwa na umati mpaka kwenye treni ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Kijana akachuchumaa kunasua, maji ya mvua yakimtiririka shingoni. Jina lake Naoya Kuwabara, mtu wa kampuni ya bima.

"Niulize tu," akasema, "hii kamba kazi yake nini?"

"Na hiyo tai yako kazi yake nini?"

Naoya akaitazama tai yake kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Akacheka. Siku hiyo wote wawili walichelewa kazini, na jioni walikula pamoja.

Mapenzi yakanoga. Simu hazikukatika.

"Uko wapi, kunguru wangu?"

"Koenji, nanunua samaki. Na ukiniita kunguru mbele za watu, nitakukana."

"Nitakujuaje humo sokoni?"

"Tafuta mtu anayekodolewa macho, Bwana Bima. Ndiye mpenzi wako."

Jina la kunguru Tamaki alikuwa amelisikia miaka mingi, barabarani, kwa kejeli. Kinywani mwa Naoya lilikuwa na asali. Mapenzi ndivyo yalivyo, tusi la mtaani likigeuka jina la chumbani.

Siku moja wakiwa wanakula, Naoya akamuuliza kwa nini nyeusi, na nyeusi tu.

"Tazama nywele zangu," Tamaki akasema. "Rangi gani?"

"Kahawia."

"Nilizaliwa nazo. Shuleni mwalimu akasema nimepaka. Mjomba wangu, yule aliyenilea, akafunga duka lake, akaja na picha zangu za utotoni kunitetea. Mwalimu akazitazama moja moja. Akasema hata kama ni za kuzaliwa, zinaharibu mpangilio. Nikawa napakwa nyeusi, kila zikichipua napakwa tena, mpaka ngozi ya kichwa ikababuka."

"Mungu wangu, Tama."

"Nilipomaliza shule niliziacha zirudi zilivyokuwa. Ndipo nikaanza kuvaa hivi. Nyeusi ile ilikuwa yao. Hii ni yangu, nimeichagua, naikata nitakavyo."

Naoya akanyoosha mkono akazigusa nywele zile. "Mtu akikuambia tena uvae nini, atapambana na mimi."

Maneno matamu. Ulimi hauna mfupa.

Mwezi wa tatu ulipoingia, Naoya akapiga simu. "Mama anataka kukuona. Jumapili, chakula cha mchana."

Tamaki akakaa kitako. Mwanamke haitwi kwa mama mtu kwenda kupoteza muda. Alijua anakwenda kuangaliwa kama mke.

"Nivae nini?"

"Amesema vaa upendavyo. Ni nyumbani tu."

"Una hakika?"

"Ndivyo alivyosema."

"Naoya, nakuuliza wewe. Una hakika?"

"Nina hakika, mpenzi."

Sasa hapa ndipo pa kukasirikia. Mjini humo mama akisema vaa upendavyo, kila mtu anajua maana yake: gauni la rangi ya maziwa, lifike magotini, na kidani kidogo shingoni. Kampuni nazo huwaandikia vijana vivyo hivyo, njoo na vazi linaloonyesha ulivyo, na anayethubutu kuonyesha alivyo hapati kazi. Tamaki aliyajua haya fika. Lakini alijiambia, huyu amesikia habari za nywele zangu, hawezi kuniletea maneno matupu. Naoya naye alijiambia, Tamaki ni mtoto wa hapahapa, ataelewa. Alijua mama yake anataka nini, tena sana. Aliogopa tu kulisema, akamwachia mwenzake mzigo na kuuita heshima.

Jumapili Tamaki akavaa koti lake bora, lililomchukua majira yote ya baridi kulitengeneza, tabaka tatu za sufu nyeusi juu ya hariri nyeusi, kola imesimama upande mmoja. Akabeba sanduku la tambi pana, zinazotengenezwa na mjomba wake huko Kiryu, jina la duka na anwani vimepigwa chapa juu yake. Njia nzima hadi Chofu, kwa kina Naoya, alikuwa akitabasamu peke yake kwenye treni.

Mlango ukafunguliwa. Bi Sumie, mama yake Naoya, mjane mwembamba mwenye sweta la rangi ya waridi, alimtazama kutoka kola hadi viatu. Tabasamu likamgandia usoni. Nyuma yake alisimama Naoya, naye aliona, naye akaona mama yake alivyoona.

"Mama," akasema haraka, "Tamaki ametoka msibani. Moja kwa moja. Hakupata nafasi ya kubadili."

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Ooh. Maskini. Pole sana, mwanangu. Ngoja, usiingie kwanza."

Akakimbilia jikoni, akarudi na chumvi mkononi, akamnyunyizia Tamaki mabegani na kifuani, kama afanyiwavyo atokaye mazikoni ili asiingie na mauti nyumbani. Alifanya kwa upole, kwa huruma kabisa. Chumvi ikatulia juu ya sufu nyeusi, punje kwa punje, na Tamaki akasimama pale akiitazama.

"Na nani huyo aliyetutoka?" mama akauliza.

Naoya akadakia. "Mjomba wake."

Mnanielewa? Mjomba. Yule yule aliyefunga duka kwenda shuleni na picha. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na siku hiyo kunguru hakuwa Tamaki.

Tamaki akavua viatu, akaingia. Alitaka kuona uongo ule utafika wapi. Ulifika mezani. Pale palikuwa na wali mwekundu wa maharage madogo, ule unaopikwa siku za heri, bado unatoka mvuke. Mama alikuwa amempikia. Kumbe alikuwa amejiandaa kumpokea. Bi Sumie akauangalia wali, akaona aibu kumwekea mfiwa chakula cha furaha, akauondoa taratibu na kuleta mweupe. Akalipokea kwa mikono miwili sanduku la tambi, ambazo Naoya alishamwambia hutengenezwa na mjomba. "Hii ndiyo kazi yake ya mwisho basi," akasema, macho yamelowa.

Wakala wali mweupe.

Nje, kwenye kona ya barabara, Naoya alimkimbilia. "Tama, ngoja. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe."

"Angekuhukumu."

"Angenihukumu mimi. Sasa hivi amemhurumia mwanamke mwingine ambaye hayupo. Mimi hajaniona. Ulimwona mama yako akiuondoa ule wali?"

"Nilimwona."

"Ulikuwa wangu. Mwalimu yule alinipaka dawa kichwani, Naoya, lakini angalau hakuniambia ananipenda."

"Kwani ungevaa rangi nyingine siku moja tu, ungekufa?"

Tamaki akamwangalia. "Hilo ndilo ulilotaka kusema tangu mwanzo. Ungelisema kwenye simu, tungegombana, tungemaliza. Sasa nenda."

Tamaki akaenda zake kituoni. Simu za Naoya zikawa zinaita hadi zinachoka.

Baada ya siku chache ikaingia simu kutoka Kiryu.

"Tama."

"Mjomba, hujambo?"

"Sijui, mwanangu. Nimekufa lini?"

"Unasemaje?"

"Nina maua meupe hapa dukani, makubwa kunizidi. Na ubani. Na salamu za rambirambi kutoka kwa mama mmoja wa Chofu. Anasema tambi zangu za mwisho zilikuwa tamu. Wateja wanaingia kwa kunyata."

Tamaki akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio. Akamweleza yote, hakuficha. Mjomba Kihachi akasikiliza.

"Maua ni mazuri lakini," akasema mwishowe. "Sijawahi kupewa maua nikiwa hai."

"Usinichekeshe, mjomba. Nina hasira."

"Kuwa nazo. Una haki nazo."

Hapo ndipo alipompigia Naoya.

"Tama, asante Mungu, nimekutafuta…"

"Mjomba amepokea maua ya maziko yake."

Tamaki hakungoja jibu.

"Nenda ukamwambie mama yako."

"Ataaibika sana. Ametuma maua kwa mtu aliye hai."

"Na mimi je, niliyesimama mlangoni kwenu kama maiti iliyorudi? Aibu yangu haina uzito?"

"Nitamwambia. Nitampigia simu leo leo."

"Simu hapana. Uongo uliusemea mlangoni, mbele yangu. Ukweli utausemea palepale, mbele yangu. Usipoweza, basi, usinipigie tena. Nakupenda, Naoya, na bado nasema hivyo."

Naoya hakulala vizuri. Kulipokucha akampigia mjomba Kihachi dukani, akaomba radhi kwa maneno yote ya adabu anayoyajua.

"Kijana," mjomba akasema, "maiti haiombwi radhi. Mama yako anajua niko hai?"

"Bado, mzee."

"Basi mimi bado ni marehemu. Siwezi kukusaidia."

Akakata simu.

Jumapili iliyofuata Naoya alimngoja Tamaki kituoni Chofu. Yeye akaja na koti lile lile. Angevaa jingine ingekuwa ameungama kosa asilolifanya. Hawakushikana mikono. Naoya alitokwa na jasho njia nzima, na Tamaki hakumhurumia.

Mlango ukafunguliwa. Bi Sumie akamwona mgeni na weusi wake, uso ukajaa huruma.

"Mwanangu, bado uko kwenye matanga?"

Naoya akageuza uso pembeni. Ng'ambo ya ua jirani alikuwa akimwagilia maua yake, sikio limesimama. Tamaki akangoja. Kama angegeuka wakati ule na kuondoka, hakuna ambaye angemlaumu, mimi wa kwanza.

"Mama," Naoya akasema. "Hakutoka msibani. Hata siku ile hakutoka msibani. Hakuna aliyekufa. Mjomba wake yuko hai, nimezungumza naye. Mimi nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Niliona ulivyomtazama, nikaogopa. Huyu ndiye Tamaki, na hivi ndivyo anavyovaa. Koti hili amelishona mwenyewe. Nilipaswa kukuambia hivyo."

Bi Sumie akashika mlango. Uso ukamwiva.

"Nimemsomea dua mtu aliye hai," akasema. "Nimemmwagia chumvi mgeni wangu. Kila asubuhi namkumbuka marehemu wa watu. Wewe mtoto, una akili?"

"Sina, mama."

"Ningemshangaa, ndiyo. Nisingeshangaa? Lakini ningeshangaa nikazoea. Hukunipa hata nafasi ya kuwa mjinga kwa muda wangu." Akamgeukia Tamaki, akainama sana, mikono juu ya magoti. "Nisamehe, mwanangu. Na mjomba wako anisamehe."

"Mjomba ameyapenda maua," Tamaki akasema.

Mama akamtazama tena, safari hii polepole, kola, tabaka, mshono, kama mtu anayesoma. Akanyoosha kidole karibu na sufu bila kuigusa.

"Unavaa hivi kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Hata mtu akikualika?"

"Hata nikialikwa."

"Hata siku ya harusi?"

"Hata siku ya harusi," Naoya akajibu, haraka kuliko wote.

Tamaki akamgeukia. "Harusi ya nani? Mbona mimi sijaulizwa?"

Naoya akawa mwekundu hadi masikioni. Jirani akafunga maji ili asikie vizuri.

"Nilitaka kukuuliza siku nzuri."

"Hapana. Ulinikana hapa, niulize hapa. Tena kwa sauti."

Basi mtu wa bima, aliyeishi maisha yake yote bila kupaza sauti, akasimama mlangoni kwa mama yake, viatu bado miguuni, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Tamaki Orihara, nakuomba unioe. Au nikuoe. Hivyo hivyo ulivyo, na mimi nitasema hivyo kwa kila atakayeuliza."

Tamaki alikawia kujibu. Alimfanya angoje, na alistahili kungojeshwa.

"Ndiyo," akasema. "Lakini hasira bado ninazo. Usije ukadhani zimekwisha."

"Najua, mpenzi."

"Zitachukua muda."

"Najua."

"Basi vua viatu, tuingie."