Mashine Mbili za Kusafisha Ukumbi

Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wakiruka kamba mbele ya maduka ya Roret, Nelvine alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa kanisa akisugua sakafu. Upande huu yeye, upande ule mama yake, Joan, kila mmoja na brashi yake na ndoo yake ya maji ya sabuni. Kama hujawahi kusugua sakafu ya saruji iliyokanyagwa na watu waliotoka kuchuma chai kwenye mvua, usije ukaniambia unajua kazi. Udongo wa huku hung'ang'ania. Unasugua, unadhani umetoka, sakafu ikikauka unauona palepale.

Na udongo ulikuwa na nafuu. Balaa yenyewe ilikuwa mursik. Ukumbi ule ulikodishwa kwa sherehe za koito, ambapo familia ya kijana huja kukamilisha mambo ya uchumba na familia ya msichana, na hakuna koito bila mursik, maziwa lala ya kibuyu, yale yenye weusi wa mkaa ndani yake. Wageni hunywa, na wageni humwaga. Siagi ya maziwa hayo ikishika sakafu, mahali pale huteleza vibaya sana. Mwezi uliotangulia, shangazi ya bwana harusi aliteleza akavunjika nyonga mbele ya wakwe. Mpaka sasa alikuwa kitandani.

Jambo hilo lilimuudhi sana Mama Wilkista, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliyekuja huku zamani na mumewe kutoka upande wa ziwa, mume alipopata kazi katika kiwanda cha majani chai. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mtu amevunjika kwa uchafu wetu," aliwaambia wanakamati. "Na huyu Joan magoti yake yamekwisha. Anatembea kama bibi wa miaka themanini. Tutanunua mashine, na hatutanunua kwa maneno ya wauzaji. Tutaleta mbili, tuzilinganishe hapahapa."

Basi Ijumaa moja ya mwaka 1996, wauzaji wawili walifika kutoka Kericho mjini, kila mmoja na mashine yake. Kipkurui, kijana mwenye tai na maneno mengi, alileta ya buluu. Ilikuwa ndogo, yenye magurudumu, na mrija mrefu wa kunyonya vumbi na maji, pamoja na kitambaa cha kupangusia. Mosoti, mzee mfupi aliyenuna tangu alipofika, alileta nyekundu. Hiyo ilikuwa nzito, ina mpini mrefu, tangi la maji, na chini yake brashi pana ya duara inayozunguka. Wauzaji hao hawakupendana hata kidogo. Kabla ya chai walikuwa wameshatukanana mlangoni juu ya nani aingize yake kwanza.

Mashine zikiwa zimeshaingizwa, na wao bado nje wanazozana, Mama Wilkista alimwambia Joan azijaribu. Ya buluu Joan aliivuta bila shida, akatabasamu. Kisha akaishika nyekundu, akaiwasha, akaegemea mpini na kusukuma kwa nguvu zote, kama mtu anayepandisha toroli mlimani. Mashine ilichepuka, ikamvuta, ikambamiza kwenye mabenchi. Mosoti alisikia kishindo, akaingia mbio na kuchomoa waya ukutani.

"Nani amewaambia mguse?" alifoka.

"Hii ni mali tunayotaka kununua, kwa hivyo tutaigusa," Mama Wilkista alimjibu. Akamgeukia Joan aliyekuwa akisugua goti. "Hii inataka mwanamume. Tukiichukua hii, Joan, itabidi tuandike kijana mwenye nguvu. Na kulipa watu wawili hatuwezi. Nakwambia mapema ili usije ukalia baadaye."

Nelvine, aliyekuwa akipanga viti, alisikia kila neno. Baba yake alikuwa amefariki, na kazi ya ukumbi ndiyo iliyomweka yeye darasa la sita na kumweka ndugu yake sekondari. Usiku ule alimchukia yule mwanamke, akamchukia Mosoti, akaichukia ile mashine nyekundu kuliko wote.

Jumamosi watu walijaa ukumbini, wengine wakiwa wamekuja tu kutazama ugomvi. Mama Wilkista alichora mstari wa chaki katikati ya sakafu. Upande wa kushoto ungesafishwa na mashine ya buluu, wa kulia na nyekundu. Vijana walikanyaga pande zote mbili kwa mabuti ya mvua yaliyojaa tope. Baada ya tope ikaja zamu ya mursik, na mwenyekiti akampa Nelvine kibuyu.

"Mimina wewe. Nusu huku, nusu kule," alisema. "Mtoto hana upande."

Hapo ndipo mama yule mwerevu alipopotea njia. Mtoto alikuwa na upande, tena upande mkali. Na alijua kitu ambacho kila mtoto wa Kipsigis, kabila la huku, hufundishwa kabla hajaruhusiwa kumpa mgeni kikombe, kwamba mursik hutikiswa kwanza. Usipokitikisa kibuyu, maji hutangulia kutoka, na mabonge ya siagi na mkaa hubaki nyuma. Ukimpa mgeni yale maji, umemtukana.

Nelvine alikishika kibuyu kwa utulivu, kama amebeba mtoto aliyelala. Alimimina kwanza upande wa buluu, yakatoka maji matupu ya kijivu. Kisha akaenda upande wa nyekundu akakipindua kabisa, na mabonge yakaanguka moja baada ya jingine, mazito na meusi. Waliokaa mbali waliona maziwa tu. Wanakamati walikuwa wanawatazama wauzaji, maana walishaanza tena kurushiana maneno.

Mashine ziliwashwa. Ya buluu ilinyonya tope, ikanyonya yale maji, na kitambaa kikamalizia. Sakafu ikang'aa. Nyekundu ilizungusha yale mabonge, ikayapaka huku na huku, mpaka upande wa kulia ukawa kama sufuria ambayo haijaoshwa.

Kipkurui alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, hiyo ni ya kupaka, si ya kusafisha."

"Kuna kitu hapa," Mosoti alisema. Alijaribu kuongeza maji. "Hii nimeiuza mpaka hospitalini. Kuna kitu mmeweka hapa."

"Kitu gani?" Mama Wilkista alimsogelea. "Tumeweka udongo wa Roret na maziwa ya Roret. Umetuletea takataka, sasa unatusingizia uchawi?"

"Mimi mnaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi. Nimesema unauza takataka. Itoe humu."

Mosoti alikataa kuitoa. Basi vijana wawili wakaishika wao, wakaiburuta hadi nje na kuiacha kwenye manyunyu. Watu wakapiga miluzi. Mzee yule alitoka akavua koti lake, akaifunika mashine yake, akabaki amesimama hapo kwa shati huku analowa. Nelvine alimwona kupitia mlangoni. Alikuwa amengoja furaha, na furaha haikuja.

Joan, aliyepaswa kufurahi kuliko wote, alikuwa ameinama upande wa kulia. Alichota uchafu kwa kidole, akausugua kwa dole gumba, akaunusa. Kisha akavuka mstari, akapapasa upande wa kushoto. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nelvine. Lete kibuyu."

Nelvine alikileta. Joan alikikung'uta kwenye kiganja chake, likatoka bonge la mwisho la siagi, jeusi kwa mkaa.

"Ulitikisa?"

Watu waligeuka kuwatazama. Nelvine angeweza kusema ndiyo. Angeweza pia kusema amesahau, na watu wangemsamehe, maana alikuwa mtoto. Lakini mama yake alikuwa akimtazama machoni, na kudanganya macho yale hakuweza.

"Sikutikisa."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka ya buluu ishinde, usifukuzwe."

Kelele zikalipuka. Mzee mmoja alisema mtoto kama huyo achapwe hapohapo. Kipkurui alidai kuwa ushindi ni ushindi. Mama Wilkista alikuja moja kwa moja kwa Joan, kidole mbele.

"Mmepanga. Wewe na mtoto wako mmekaa nyumbani mkapanga kunichezea mimi na pesa za kanisa."

"Mama Mwenyekiti," Joan alisema polepole, "kama ningekuwa nimepanga, ningenyamaza."

Mwenyekiti aliangalia kibuyu, akaangalia ile sakafu iliyong'aa ambayo sasa haikuwa na maana yoyote. Akaenda mlangoni.

"Bwana Mosoti, tumekukosea. Rudi ndani tuanze upya."

"Sirudi," Mosoti alisema bila kugeuka. "Mmeniacha ninyeshewe."

"Nimesema tumekukosea. Unataka nipige magoti?"

Hatimaye mzee aliikausha mashine yake kwa shati la akiba, kwa utaratibu wa kuudhi, akaiingiza. Sakafu ilisuguliwa kwanza, kibuyu kingine kikaletwa kutoka kwa jirani, na safari hii Joan ndiye aliyekitikisa mbele ya watu wote, mpaka mkono ukachoka. Alimimina pande zote mbili sehemu sawa. Tope likakanyagwa tena.

Hakukuwa na la kubishana. Ya buluu ilinyonya maziwa, lakini ikaacha utando wa siagi. Mama Wilkista aliukanyaga kwa kiatu, mguu ukateleza, akashikwa na wenzake asianguke. Nyekundu ilisugua kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, na baada ya Mosoti kupangusa, kiatu kilishika sakafu vizuri.

"Tutanunua nyekundu," mwenyekiti alisema. "Nyonga moja inatosha."

Joan alivua aproni yake, akaikunja. "Ni sawa. Sasa mtafute huyo kijana."

Nelvine aliangua kilio. Alilia kwa sauti, hata hakujali wenzake wa darasani waliokuwa dirishani.

"Kijana wa nini?" Mosoti aliuliza, akiwa bado amekasirika.

"Wa kuisukuma," Joan alimjibu. "Jana ilinitupa kwenye mabenchi."

"Ilikutupa kwa sababu uliisukuma. Hii haisukumwi." Alimpa mpini. "Shika kwa vidole. Inua kidogo, itakwenda kulia. Shusha kidogo, itakwenda kushoto. Wewe utembee nayo tu. Wanaoitumia hospitalini ni akina mama."

Joan aliwasha. Aliinua mpini kidogo, mashine ikaenda kulia taratibu. Aliushusha, ikarudi kushoto. Alitembea nayo ukumbi mzima, mgongo umenyooka, bila kuinama hata mara moja. Watu waliokuja kutazama ugomvi walibaki kutazama hilo.

"Mbona hukutuambia?" Mama Wilkista aliuliza.

"Nani aliniuliza? Jana mlinifokea. Leo mlinitupa nje."

Mwenyekiti alikohoa. "Joan, vaa aproni yako. Kazi ni yako."

Baada ya watu kutawanyika, Joan alimshika Nelvine mkono, akamkalisha kwenye benchi. Nelvine alidhani atakumbatiwa. Hakukumbatiwa.

"Usidhani hasira yangu imekwisha kwa sababu mambo yamekuwa mazuri," Joan alisema. "Kama nisingekiomba kile kibuyu, sasa hivi ile ya buluu ingekuwa imenunuliwa. Kwenye koito ijayo mtu mwingine angevunjika, na ningejua ni mtoto wangu aliyemwangusha. Yule mzee angerudi mjini na jina baya ambalo si lake."

"Niliogopa utafukuzwa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini tungekuwa wakweli tangu mwanzo, mtu angeuliza jinsi inavyoshikwa, na hofu ingeisha asubuhi. Ulipodanganya, watu waliacha kuuliza wakaanza kupigana. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, vipe nafasi sawa, hata kama kimoja unakichukia. Hicho unachokichukia huenda ndicho kinachokufaa. Sasa nenda ukamwombe radhi."

Mosoti alikuwa akikunja waya karibu na mlango. Nelvine alisimama mbele yake, akamwamkia, akasema yote bila kuficha, kwamba alijua anachofanya na kwamba ni yeye aliyesababisha atukanwe. Mzee alimsikiliza akiendelea kukunja waya.

"Nimesikia," alisema. Alivaa koti lake lililolowa, akaenda zake.

Nelvine alirudi kwa mama yake akiwa na machozi. "Hakunisamehe."

"Halazimiki kukusamehe leo," Joan alimwambia. "Ukweli hausemwi ili ulipwe kwa msamaha. Unasemwa kwa sababu ni haki ya uliyemkosea. Atakuja tena mwezi ujao kuikagua mashine, nawe utamsalimia kwa heshima, hata asipoitika. Sasa chukua kitambaa, tufute ule mstari wa chaki."