Uzi wa Shingo ya Marioneti

Jioni ile nilitoka kutafuta uzi tu.

Nilitaka uzi ambao haurefuki. Ninafanya kazi kwa Tata Ntambwe, mtengenezaji wa marioneti, vile vikaragosi vya miti vinavyoinuliwa na kuchezeshwa kwa fimbo. Yeye anachonga vichwa, mimi ninatengeneza vifaa vya kuvichezesha. Mikono ninaifungia mbavu za mwavuli uliokufa. Kichwa kinakaa juu ya bomba la plastiki, jembamba kama vidole viwili. Uzi unafungwa kisogoni, unashuka ndani ya bomba, unatokea chini kwenye kitanzi cha kidole gumba. Ukivuta kitanzi, kikaragosi kinainua uso. Ukiachia, kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kidevuni kinaurudisha chini.

Lakini uzi wa dukani unarefuka. Mchezo ukifika katikati, kikaragosi kinabaki kuangalia tumbo lake kama mzee anayesinzia misani. Na Jumamosi tulikuwa tucheze parokiani.

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache shule, mwaka wa tatu wa sekondari. Kaka yangu Stany, ninayemwita yaya, mchimbaji wa machimbo ya Mutoshi, ndiye aliyekuwa akinisomesha. Miezi minane kabla ya jioni ile, hakurudi nyumbani. Wenzake walimwambia mama kwamba amekwenda Kisenge kuchimba manganezi. Hakupiga simu hata mara moja. Kila siku mama aliomba jambo moja tu, Stany arudi. Mimi pia.

Nilimkuta Mama Honorine kando ya reli, anafunga vitu vyake. Anauza vilivyotoka karyeri, kule machimboni: magunia, tochi, koleo, kamba.

"Weye mutoto, kamba ya nini? Ya kufunga mbuzi ao ya kufunga bwana?"

"Ya marioneti, mama."

"Ile bitu ya Ntambwe yenye kutingisha kichwa?" Akacheka. "Kuko wanaume mu hii muji banatingisha kichwa kila siku na hawana hata kamba!"

Akavuta kutoka chini ya magunia kamba nene ya nailoni.

"Kamata, utwale tu. Iko hapa tangu mvua. Kila mutu anaishika, anairudisha."

"Juu ya nini banairudisha, mama?"

"Sijue. Mi nauzisha makamba, siulizaka kwenye yanatoka."

Kamba haikuwa imechakaa. Ilikuwa imekatwa kwa kisu, pigo moja. Na ilinuka udongo mbichi, ingawa tulikuwa katikati ya kiangazi.

Niliporudi karakanani, Tata Ntambwe alikuwa ameshaenda kwake. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha mshumaa. Nilifumua kamba, nikatoa uzi mmoja, nikaukata urefu wa mkono wangu. Nikaupitisha ndani ya bomba. Nikafunga kisogoni, nikafunga kitanzi, nikavuta.

Uso uliinuka vizuri sana. Nilifurahi.

Kisha kitanzi kikavutwa kutoka kidoleni mwangu.

Mara moja... mbili... tatu.

Nilidhani ni mpira. Nikaufungua mpira kidevuni, nikauweka mezani. Nikashika kitanzi tena.

Mara moja... mbili... tatu.

Nikatazama kichwa. Kichwa hakikutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa, maana kifaa hiki nimekitengeneza mwenyewe na ninajua kinavyofanya kazi. Uzi umefungwa kwenye kichwa. Kama kichwa hakisogei, kitanzi kinavutwa na nini?

Nilisogeza mshumaa kwenye mdomo wa bomba. Harufu ya udongo ilitoka humo, na joto. Joto la pumzi.

Stany alinifundisha lugha ya kamba zamani, tukicheza na kamba ya nguo uani. Wanaoteremka mashimoni wanaongea hivyo na walio juu. Mvuto mmoja, gunia limejaa. Miwili, ngoja. Mitatu, nivute mimi.

"Yaya Stany?" nikanong'ona.

Mara moja... mbili... tatu.

Nilijua basi kwamba hakwenda Kisenge. Nililia. Na kwa kuwa ni kaka yangu, nilifanya alichonifundisha.

Nikajibu. Nikavuta mara tatu.

Uzi ukawa mzito ghafla, kana kwamba mtu ameuegemea kwa mwili wote. Nilivuta. Kidole kilichubuka. Uzi ulitoka kidogo, umelowa, una tope jekundu. Niliuachia nipumzishe mkono. Kitanzi kikakimbilia bomba, na ndani, mbali sana chini, mwanaume alipiga kelele ya mtu anayeanguka.

Nikaudaka.

Sijauacha tangu wakati ule.

Asubuhi Tata Ntambwe alinikuta pale pale, kikaragosi mapajani. Miguuni pangu palikuwa na uzi uliojikunja, mrefu kuliko mlango. Alijua kwamba nilikata urefu wa mkono tu, sababu kipande kingine cha kamba kilikuwa bado mezani. Ujanani alikuwa mvutaji wa kamba karyeri. Hakuuliza mengi. Alichuchumaa mbele yangu.

"Ulijibu?" akanong'ona.

"Ndiyo, tata."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akafunga macho.

"Bakakufundisha tatu, hawakukufundisha ingine? Mwenye kujibu tatu, ule mutu wa chini ni wake. Haachi mupaka atoke. Hata akitaka kwenda kukojoa, anapatia mwenzake kamba ku mukono, mwenzake anajibu, njo anaenda."

"Basi pokea, tata. Kidogo tu. Mukono unaniuma."

Aliangalia mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Mi niko na batoto, Rachelle."

Alinisindikiza hadi nyumbani, lakini alitembea upande wa pili wa barabara. Aliniambia kikaragosi kile ni changu sasa, nisikirudishe. Mama aliponiona na kitanzi kidoleni alisema kazi ya Ntambwe itanitia wazimu. Kisha simu yake ililia. Namba hatukuijua.

Mama alisikiliza, akaangukia magoti sakafuni.

"Stany! Ni Stany! Iko muzima!"

Akaniwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti yake kabisa. Alikuwa analia na kucheka.

"Rachelle, mutoto wa mama! Narudi! Iliacha!"

"Nini iliacha?"

"Kamba! Jana magaribi, paap, ikaacha. Myezi munane inanivuta huu mukono wa kuume, nikilala, nikikula. Nikikaribia kwetu Kolwezi, ao nikishika simu, inavuta zaidi. Njo maana sikuweza hata kupiga simu. Sasa hapana hata kidogo!"

Nilitoka uani, mama asisikie. Kidoleni uzi ulivuta, mara tatu, taratibu.

"Yaya. Nani iko kule chini?"

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Nani alikwambia?"

"Mi njo nilijibu. Nilifikiri ni weye."

Akaongea kwa haraka, kama mtu anayetapika. Jina la aliyeko chini ni Mulumba. Alikuwa chini, Stany alikuwa juu. Mulumba alivuta tatu, Stany akajibu. Alipokuwa katikati ya shimo, ukingo ukaanza kupasuka. PDG, yaani mwenye shimo, akasema kata, asitukokote wote. Mwenye kisu alikuwa Stany.

"Kesho yake shimo la pembeni likatoa mawe ya muzuri sana," alisema. "Batu bakasema PDG alimutoa Mulumba sadaka. Kwamba ilikuwa bulozi, ilipangwa. Mi sijue, Rachelle. Najua tu mi nilijibu, nikakata."

"Na mi nifanye nini?"

"Nakuya. Tutaona. Nakuya."

Nilisubiri siku tatu. Nilikula kwa mkono wa kushoto. Nilisinzia nimekaa, uzi nimeuzungusha kiganjani, na kila ulipoteleza nilisikia kelele ile ndani ya bomba. Sikuweza kumwacha aanguke tena. Nimefikiria sana jambo hili. Angekuwa jini asiye na jina, labda ningeachia. Lakini ni Mulumba, na mahali fulani mama yake naye amepiga magoti.

Uzi ulijaza beseni. Nikachukua beseni la pili. Jinsi ulivyozidi kutoka, ndivyo tope lilivyokuja na vitu vingine: unywele, kipande cha kucha.

Stany alifika jioni ya siku ya tatu, mwembamba, shati jipya. Mama aliimba. Alichinja kuku, akaweka makaa kwenye jiko la mbabula uani, akanitangazia kwamba mwaka ujao ninarudi shuleni. Majirani walikuja wakamshika Stany kichwa, mabega. Alimkumbatia kila mtu. Mimi alinipa busu la mbali, hewani.

Walipoondoka, Stany alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Aliangalia mabeseni. Hakuangalia mkono wangu.

"Imefika mita ngapi?"

"Sijapima. Shimo ilikuwa ngapi?"

"Makumi mbili na sita." Akaangalia mabeseni tena. "Ni mingi ile, Rachelle. Ni mingi sana."

"Yaya, shika kidogo. Nioge tu. Tangu siku tatu sijaoga. Nitakupatia, unajibu, ninaoga, narudi."

Aliificha mikono kwapani, kama mtu anayesikia baridi.

"Yaya, tafazali."

"Mi nilibeba myezi munane."

"Ni kuoga tu."

Machozi yalimtoka. Najua ananipenda. Alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa makaa, kwenye ukuta wa choo. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine.

"Vuta polepole," alinong'ona. "Asishituke."

Akafunga mlango. Kisha nikasikia komeo la nje.

Sikupiga kelele. Uzi ulinivuta mara tatu, nikajibu mara tatu, nikaendelea kuvuta. Niliukunja kwenye beseni, mkunjo juu ya mkunjo. Harufu ya udongo ilijaa chumbani hata sikusikia tena harufu ya kuku. Bomba lilianza kutoa mlio, tii... tii... kama mbao inayopanuliwa.

Kisha uzi ukawa mwepesi.

Mwepesi kabisa. Nilingoja kelele ya kuanguka. Haikuja.

Kichwa cha kikaragosi kikainuka chenyewe, kikaangalia mlangoni.

Uani, mama alikuwa anageuza nyama. Nilisikia kijiko kikisimama.

"Stany," alisema mama, "Rachelle anakuita. Na juu ya nini anakuita na sauti ya mwanaume?"

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.